Lori linapoteza maji Digodigo: ulipie kipimo, au ulipie kubahatisha?

Mwenye lori akiambiwa na dereva kwamba maji ya rejeta yanapungua, swali la kwanza mara nyingi ni hili: gasketi ya hedi inauzwaje? Swali hilo linakuja mapema mno. Maji ya injini yana njia nyingi za kupotea, na nyingi kati yake ni rahisi kuliko hedi: kofia ya rejeta iliyochoka, klipu iliyolegea, mpira uliopasuka chini ya mkunjo, pampu ya maji inayotonesha, kompresa ya breki za upepo iliyopata ufa. Kwa mtu wa Arusha mjini, kukosea kutambua chanzo ni hasara ya nusu siku, maana duka la spea liko mtaa wa pili. Kwa mtu wa Digodigo, katika tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, kosa hilohilo linamaanisha kuagiza spea mara mbili, kumlipa fundi nauli mara mbili, na gari kulala huku mahindi ya wateja yakisubiri.

Kwa hiyo makala haya yanalinganisha gharama za kupima kabla ya kulinganisha gharama za kutengeneza. Msimamo wetu ni kwamba, mahali palipo mbali na gereji kubwa, hakuna pesa inayorudi haraka kama ile unayotumia kujua maji yanatokea wapi.

Njia zetu zinavyoiumiza injini

Kutoka Digodigo kwenda Arusha kuna njia mbili. Ya kwanza inashuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi ukanda wa Ziwa Natron, ambako ni mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, kisha inapita Engaresero na Engaruka hadi Mto wa Mbu. Wengi nje ya wilaya waliisikia njia hii mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kijijini Samunge kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Njia ya pili inapandia Waso na Loliondo, inapita ndani ya Serengeti na Ngorongoro, kisha inateremkia Karatu. Lami ya Waso hadi Sale, kilomita 49, imepunguza mateso ya sehemu hiyo, lakini vilima na vumbi vya kwingine vipo palepale.

Milima hii inagusa moja kwa moja suala la maji. Kwenye usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300, huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Kinachoizuia injini isichemshe huko juu ni kofia ya rejeta, kwa sababu inabana presha ndani ya mfumo. Kofia nzima iliyoandikwa 0.9 inasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 114 kwenye ukingo huohuo. Springi yake ikilegea au mpira wake ukikauka, unabaki na zile 92, wakati thamostati za dizeli nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 82. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana kwa lori lililobeba saruji na mabati kupanda mlima, upepo ukivuma kutoka nyuma. Maji yatachemka, yatatoka kwa mpira wa kutolea maji yaliyozidi, na dereva atasema injini inakula maji, kumbe kosa ni la kofia.

Vipimo vya bure, kabla hujamwita mtu

*Hakikisha kweli kuna uvujaji.* Maji yakipata moto hutanuka. Mfumo wa lita 20 ukitoka nyuzi 20 hadi 90 unaongezeka karibu theluthi mbili ya lita. Tandiboi anayejaza rejeta hadi mdomoni kila asubuhi, tena kwenye gari ambalo tangi lake la akiba limetoboka au limeondolewa, ataona maji yamepungua kila jioni. Hayo ni maji yaliyokosa pa kwenda. Rudisha tangi la akiba, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji injini ikiwa baridi, kisha andika daftarini ni maji kiasi gani yameongezwa kila safari. Daftari hilo ndilo fundi yeyote makini atataka kuliona kwanza.

*Angalia asubuhi, injini ikiwa baridi.* Tone dogo linalotoka injini ikiwa ya moto hukauka kabla hujaliona. Asubuhi linaonekana, au linaacha alama: utando mweupe kama chumvi, au wa rangi ya kulanti uliyotumia. Pitisha tochi kwenye viungo vya mipira ya juu na ya chini, kwenye mishono ya rejeta, na kwenye vifuniko vidogo vya bati vilivyopachikwa ubavuni mwa injini. Kisha inama uangalie chini ya pampu ya maji. Hapo kuna tundu dogo lililotobolewa kiwandani makusudi: sili ya ndani ikianza kufa, maji hutokea hapo. Ukiona mfereji wa rangi ulioganda kuanzia kwenye tundu hilo kushuka chini, umeshapata jibu bila kulipa hata shilingi.

*Soma oili.* Chomoa dipstiki. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na gari hilo halipaswi kuwashwa tena hadi lipimwe, kwa sababu oili yenye maji hailindi beringi za krenki. Angalia pia upande wa pili: mafuta yanayoelea kwenye rejeta mara nyingi hutoka kwenye kipoza oili, maana injini ikiwaka presha ya oili huwa kubwa kuliko ya maji. Kubadilisha sili za kipoza oili ni kazi ndogo ukilinganisha na kufungua hedi. Wapo waliofungua hedi kwa dalili hii na kuirudisha bila kupata kitu.

*Soma moshi na mpira.* Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, unaashiria maji yanaungua ndani ya silinda. Washa gari likiwa baridi na ubonyeze mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja mbili, kabla maji hayajapata moto, kuna gesi inayousukuma.

Onyo moja halina mjadala. Kofia ya rejeta haifunguliwi injini ikiwa ya moto, na maji baridi hayamiminwi kwenye injini iliyochemsha. La kwanza linababua mtu uso. La pili linapasua hedi iliyokuwa nzima.

Vipimo vya kulipia

Kipimo cha kwanza ni pampu ya presha. Ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa kofia ya rejeta. Fundi anapampu hadi namba iliyoandikwa kwenye kofia ya gari lako, asizidishe. Malori mengi ya Kijapani yana kofia ya 0.9, mengine nusu yake tu, na kuzidisha kunaweza kupasua rejeta iliyochoka. Kisha mnasubiri robo saa huku mkiangalia mshale. Ukisimama palepale, mfumo ni mzima katika presha hiyo, na kofia ndiyo inayofuata kupimwa kwa pampu hiyohiyo. Ukishuka na maji yakaonekana nje, tatizo mmeshalishika. Ukishuka na nje pakawa pakavu kabisa, maji yanaingia ndani, na sasa hedi inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Mtu asikushawishi kutumia upepo wa mitungi ya breki badala ya pampu hiyo, maana presha yake ni mara nyingi zaidi ya ile rejeta inayoweza kuhimili.

Kipimo cha pili ni cha gesi: chupa yenye dawa ya rangi huwekwa juu ya mdomo wa rejeta, na hewa inayotoka ndani hupitishwa kwenye dawa. Rangi ikibadilika, gesi ya moshi imeingia kwenye maji.

Cha tatu kinasahaulika mno, nacho kinaweza kuokoa pesa nyingi kuliko vyote kwenye gari lenye breki za upepo. Kompresa ya upepo kwenye malori mengi hupozwa na maji yaleyale ya injini. Hedi yake ndogo ikipata ufa, au gasketi yake ikiungua, upepo unaingia kwenye maji, mapovu yanatokea kwenye rejeta, maji yanamwagwa nje, na kila anayetazama anasema gasketi ya injini imekwenda. Kuitenga ni rahisi: mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka kwenye kompresa huunganishwa pamoja kwa muda, mitungi ikiwa haina upepo, na injini huachwa iungurume dakika chache. Mapovu yakikoma, mwenye kosa ni kompresa. Fungua pia koki chini ya mitungi ya upepo: kikitoka kitu chenye rangi ya kulanti, ushahidi umetimia.

Mwenye gari asione haya kuliomba hilo kwa heshima. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Fundi, hedi usiiguse kwanza. Naomba tuitenge kompresa."

"Bosi, mapovu haya nayajua. Hii ni hedi."

"Nakuamini fundi wangu. Ila gari lina breki za upepo, na nusu saa hainiumizi. Mapovu yakiendelea, fungua."

Fundi anayejiamini hakatai. Anayekataa kipimo cha nusu saa kabla ya kazi ya siku tatu, tafuta mwingine.

Utengenezee wapi: machaguo manne

*Kijijini, wewe na dereva.* Yanafaa: kofia, klipu, mipira, mkanda wa feni, kuosha vumbi na mbegu za majani kwenye mapezi ya rejeta kwa maji ya kawaida, kutokea upande wa injini kwenda nje. Gharama ni spea tu. Kila lori la ukanda huu lingetembea na kofia moja ya akiba, klipu za saizi mbili na mpira wa juu na wa chini.

*Fundi wa Waso au Loliondo.* Anafaa kwa pampu ya maji, thamostati, kipoza oili, kompresa. Faida yake ni ukaribu. Swali la kumuuliza kabla ya bei ni moja: una pampu ya kupimia presha? Kama hana, unamlipa kwa kukisia.

*Fundi kutoka Karatu au Mto wa Mbu akufuate.* Unalipa nauli, chakula na malazi, lakini gari halitembei likiwa gonjwa. Hili ndilo chaguo bora pale oili ina maji au injini inachemsha ndani ya dakika chache. Mkubaliane mapema, kwa maandishi ya simu, kwamba safari ya kwanza ni ya kupima na kwamba malipo yake hayategemei kama mtafungua injini.

*Kupeleka gari Karatu au Arusha.* Lazima kwa kusawazisha hedi, kupima nyufa, kufungua bloku. Likiwa linatembea, linalopoteza maji taratibu kwa nje linaweza kufika kwa kubeba maji na kusimama mara kwa mara. Linalopoteza maji kwa ndani livutwe, au hedi peke yake isafirishwe. Njia ya hifadhini ina ada za malango, na malango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Gari litakalochemsha katikati litakulaza porini. Kwa gari gonjwa, njia ya chini kupitia Engaresero haina lango la hifadhi la kukufungia, ingawa ina joto kali na maeneo marefu yasiyo na maji ya kufaa.

Hesabu ya mfano

Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo namba zifuatazo ni mfano wa kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Weka zako mwenyewe. Tuseme gari likisimama unakosa shilingi 250,000 kwa siku, na kosa halisi ni kompresa.

Anayebahatisha: seti ya gasketi 350,000, ufundi 300,000, kusawazisha hedi Arusha 150,000, kuisafirisha kwenda na kurudi 100,000, siku sita za kusimama 1,500,000. Jumla 2,400,000, na mapovu bado yapo.

Anayepima: nauli na posho ya fundi mwenye pampu 200,000, gasketi na kazi ya kompresa 120,000, siku mbili za kusimama 500,000. Jumla 820,000, na gari limepona.

Tazama mstari wa siku za kusimama. Katika hesabu zote mbili ndio mkubwa kuliko yote, lakini haumo kwenye risiti yoyote, kwa hiyo wengi hawauhesabu. Na hata kama kosa lingekuwa hedi kweli, kipimo kingekuongezea gharama ndogo tu juu ya kazi ambayo lazima ungeilipia.

Spea: orijino, ya kuigwa au iliyotumika

Kofia ya rejeta, thamostati na gasketi ya hedi nunua za ubora wa juu unaoumudu. Kazi ya kuzibadilisha ni ghali kuliko tofauti ya bei yake, na gasketi mbaya inakurudisha mwanzo. Pampu ya maji ya kampuni nyingine inayoaminika inakubalika, mradi uzungushe shafti kwa mkono dukani na kuhakikisha haichezi. Mipira nunua mipya daima. Mpira uliotumika hukauka kwa ndani bila kuonekana.

Rejeta inahitaji kufikiriwa zaidi. Zile za zamani za shaba zinalehemiwa, na fundi wa rejeta anaweza kuzifungua na kusafisha njia zake kwa waya. Hiyo ni nafuu kuliko kununua mpya na hudumu ikifanywa vizuri. Zile za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazilehemiki, na gundi kwenye plastiki iliyopasuka ni ya kukufikisha nyumbani tu. Hedi iliyotumika inunuliwe kwa sharti la kupimwa nyufa kabla ya kulipwa. Na hedi yako mwenyewe ipimwe nyufa kwanza ndipo isawazishwe, kwa sababu kusawazisha hedi yenye ufa ni kulipia chuma chakavu king'arishwe.

Mambo mawili yanayoonekana ya bei rahisi tunayapinga. La kwanza ni binzari, ute wa yai au dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta. Zinaziba tundu dogo kwa muda, ni kweli, lakini haziwezi kutofautisha tundu na njia nyembamba za rejeta na kipoza oili. Zitumike kwa dharura ya kutoka porini, kisha mfumo uoshwe wote. La pili ni kutoa thamostati "ili maji yatembee". Katika injini nyingi thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi. Kwenye tambarare injini haifikii joto lake na inakula dizeli.

Maji gani umimine

Digodigo ina chemchemi zinazolisha mifereji ya umwagiliaji ya Wabatemi tangu enzi za mababu, na ni jambo la kawaida dereva kuchota hapo. Maji yanayofaa shambani si lazima yafae injini. Madini yake huganda ndani ya njia za rejeta, na maji ya magadi ya ukanda wa Natron hula aluminiamu. Mbadala wa karibu na wa bure ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati baada ya mvua za kwanza kuosha paa. Mjini, nunua maji yasiyo na chumvi ya kuongezea betri, na uhakikishe hujapewa tindikali.

Kulanti linganisha kwa lita inayoingia kwenye injini. Lita tano za kulanti nzito unayochanganya nusu kwa nusu zinakuwa kumi. Lita tano zilizokwisha kuchanganywa zinabaki tano. Gawanya bei kwa lita halisi ndipo useme ipi ni nafuu. Rangi haimaanishi ubora. Soma lebo: JIS K 2234 au ASTM D3306 kwa magari ya kawaida, na ASTM D6210 kwa dizeli nzito. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa injini kama za Scania, ambazo slivu zake zinaguswa na maji moja kwa moja: bila kinga hiyo, mtikisiko wa slivu hutengeneza viputo vinavyoitoboa kutoka nje. Kopo lisilotaja kiwango chochote linaweza kuwa maji yaliyotiwa rangi.

Kulanti ya glaikoli ni sumu, tena ina ladha tamu. Unapomwaga mfumo, ikinge kwenye ndoo. Isiingie kwenye mfereji, wala isiachwe mahali mbuzi, mbwa au mtoto ataionja.

Uamuzi wetu

Kwa lori moja linalofanya kazi Digodigo: wiki hii nunua kofia mpya yenye namba sahihi, rudisha tangi la akiba, anzisha daftari la maji. Maji yakiendelea kupungua na oili ni safi, lipeleke kwa fundi mwenye pampu ya presha, na kompresa itengwe kabla ya hedi kutajwa. Oili ikiwa na maji, zima gari na umlete fundi.

Kwa wenye malori wa Digodigo, Samunge, Sale na Waso kwa pamoja: changeni mnunue pampu moja ya presha yenye viungio vya Fuso, Isuzu na Scania, mumkabidhi fundi mmoja mnayemwamini, na kila anayeitumia alipe kidogo cha kuitunza. Ni chombo cha kushika mkononi, kinachodumu miaka, na hedi moja tu isiyofunguliwa bure itakuwa imerudisha fedha yote mliyochanga.